Kifungo cha Matundu Mawili

Jumamosi, asubuhi

Kaka yangu mpendwa,

Kwanza goti. Wifi ameniambia kwamba daktari amekuruhusu kushuka ngazi bila fimbo, na kwamba wewe umeielewa ruhusa hiyo kuwa ni ya kupanda juu ya paa kukagua mabati. Nakusalimu wewe, nalisalimu na goti lenyewe, na naomba uliheshimu kama unavyopenda watu wakuheshimu. Wifi mpe salamu zangu za dhati. Mwambie ile dawa ya kifua aliyonielekeza imenifaa. Wanao nao waambie shangazi yao yu hai, na bado anasahihisha ujumbe wao wa simu kabla ya kuujibu.

Huku kwetu hatujambo. Shemeji yako anaweka mabomba kwenye jengo la ghorofa nne, na kila jioni anarudi na saruji kwenye nyusi, kama mtu aliyezeeka saa za kazi na anayerudia ujana akishaoga. Kiwandani mashine kubwa ya kuchapia imetengenezwa. Mimi niko kwenye chumba kile kile chenye dirisha moja, na kalamu ile ile nyekundu, nasoma prufu. Bado wananiita Bi Nukta, na bado wanadhani sijui. Wiki iliyopita nilinasa kadi mia tatu za harusi ambazo wazazi wa pande zote mbili walikuwa na "karaha kubwa" kuwaalika wageni. Aliyepanga herufi alinibishia kwamba huenda ndivyo walivyotaka. Siku hizi hata makosa yana mawakili.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi nzima wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Umenikatiza tangu nikiwa na miaka sita, na karatasi ndiyo mahali pekee ambapo sijawahi kukusikia ukisema "ngoja kwanza." Kwa hiyo kaa, nyoosha goti, usome mpaka mwisho.

Ujumbe wako nimeupata. Una mistari minne, na wa tatu umeuandika kwa herufi kubwa zote: NANI AMETUUZA? Wa nne unasema umesikia kwamba ni vidole vya Mzee Breki, na kwamba wewe, kama katibu mstaafu wa tawi, utawaandikia watu wa wilaya wafute kura yetu na irudiwe kwa kunyoosha mikono. Umenipa mpaka Jumatatu nikuthibitishie. Haya, nakuthibitishia, ila kwa utaratibu wangu, maana hukuwapo, na waliokusimulia wametia chumvi mahali pasipohitaji na wakasahau mahali palipohitaji.

Tangu uhame, tawi halikutani tena kwenye ile ofisi iliyokuwa ikivuja. Tunakutana kwenye karakana ya Mama Pindo, fundi cherehani. Ana cherehani sita, meza ndefu ya kukatia, mabenchi, na magauni yametundikwa pande zote, kiasi kwamba mtu akisimama kupinga hoja anajikuta anamnyooshea kidole gauni lisilo na mikono. Kura za karatasi tuliziacha baada ya ugomvi wa mwaka juzi. Tuko wanachama arobaini na mmoja, na kila mmoja anaujua mwandiko wa mwenzake. Mimi nilikuwa naweza kukutajia nani kampigia nani kwa kutazama tu mkia wa herufi. Mama Pindo ndiye aliyetuokoa. Kila mwanachama anapewa vifungo viwili vya koti, rangi moja, ukubwa mmoja. Kimoja kina matundu manne, kingine matundu mawili. Unaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, unatia kimoja kwenye kopo la kura na kingine kwenye kopo la masalio, basi. Vidole vinatosha kukuambia umeshika kipi.

Safari hii matundu manne yalikuwa ya Wakili, matundu mawili ya Mhandisi. Ilibidi tawi liseme linamtaka nani kati ya hao wawili apeperushe bendera ya chama kwenye uchaguzi wa rais. Kulikuwa na utani mwingi kwamba Wakili akisikia tunampa kifungo atakata rufaa.

Unajua nilisimama wapi. Makala yangu, "Kufaa si Kuchagulika," uliikata gazetini ukaibandika ukutani, na wifi aliniambia kwamba kila mgeni anayeingia anapewa kiti, kisha anasomewa. Niliandika kwamba Mhandisi anafaa, tena anafaa sana. Ni mwanamke anayejibu swali aliloulizwa, jambo ambalo sijaliona kwa mwanasiasa mwingine tangu nianze kusoma magazeti. Madaraja aliyojenga yamesimama. Lakini hachaguliki. Nchi haijawa tayari. Wakili ana sauti, ana urefu, ana mvi zilizokaa mahali pake, na watu wamezoea kuona uso wa namna hiyo kwenye picha ya ukutani. Tukimsimamisha Mhandisi, niliandika, tutakuwa tumeshinda mjadala na tumepoteza nchi.

Kwa miezi mitatu niliirudia hoja hiyo katikati ya yale magauni, na sitajidai unyenyekevu: hakuna aliyeniweza. Mfamasia, yule mama kijana mwenye duka la dawa karibu na kituo cha mabasi, ndiye aliyeongoza upande wa Mhandisi. Alikuja na karatasi za takwimu. Nilizisoma, nikamwonyesha makosa mawili ya kujumlisha na matatu ya tahajia, akakaa. Mara ya pili akaja bila karatasi, akauliza kwa nini kila anayesimama kumpinga Mhandisi anaanza kwa kumsifu. Nikamjibu kwamba kumsifu mtu si kumpa nchi. Watu wakapiga makofi. Nililala usingizi mtamu sana siku hiyo.

Lakini alichosema kilikuwa kweli, na ukisikiliza kikao chetu kwa sikio la mtu anayesoma prufu ungelitambua upesi. Mwuza vipuri alisema yeye binafsi angempa Mhandisi, ila wateja wake hawatakubali. Dada wa saluni akasema wateja wake yeye wangekubali, ila waume zao. Mwenyekiti akasema nyumbani kwake hakuna tatizo, tatizo ni majirani. Anayeishi jirani na mwenyekiti alikuwa amekaa benchi la pili, na yeye akasema hivyo hivyo, akielekeza kidevu upande wa pili wa mtaa. Mimi nilikuwa nayaandika yote kwenye daftari kama ushahidi. Ushahidi wangu mimi, yaani, wa kwamba hachaguliki.

Sasa Mzee Breki. Unamkumbuka: miaka thelathini na tatu kwenye lori, na mpaka leo akiketi kwenye benchi mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu kila mtu anaposema jambo la hatari. Alikuwa upande wetu. Aliniahidi kura yake mwanzo kabisa, kwa sababu, alisema, wewe kaka yangu uliwahi kumwandikia barua iliyomrudisha kazini, na mtu aliyekusaidia ukiombwa na mdogo wake hukatai. Wiki moja kabla ya kura alisimama. Huwa hasemi. Alisema safari zake za mwisho kabla ya kustaafu, kampeni hizi zilipoanza, alikuwa anauliza kila anaposimama kula. Watu walimwambia wao wenyewe wangemchagua yule mama, ila watu wa mbele huko hawamtaki. Akaendesha mpaka mbele huko. Wa mbele wakamwambia wao hawana neno, ni wale wa mbele zaidi.

"Nikaendesha mpaka mpakani," alisema. "Barabara ikaisha. Sijawaona hao watu. Natoa taarifa tu."

Watu walicheka sana. Mimi nilisimama nikamwambia kwamba dereva huwaona wanaosimama barabarani tu, nchi ni pana kuliko barabara. Nikashangiliwa. Yeye akatabasamu, akasema kura yake kwangu iko pale pale, ahadi ni ahadi, akakaa. Nikahesabu kwenye daftari: ishirini na mmoja wa Wakili, pamoja nami mwenyewe, ishirini wa Mhandisi. Nikakuandikia kwamba tumeshashinda.

Hapo ndipo kikombe kilipoingia. Jumamosi, siku moja kabla ya kura, nilirudi sokoni nikakuta kile kikombe changu cha buluu, kile nilichopewa nilipotimiza miaka ishirini kazini, kiko vipande viwili juu ya meza, vimepangwa vizuri kama maiti iliyooshwa. Shemeji yako amekaa kando yake, mikono magotini. Akaniambia kikombe kimevunjika.

Unanijua. Nikamwuliza kimevunjika, au amekivunja. Akasema kimevunjika tu. Nikamsomesha. Nikamwambia hilo neno ni la watoto na la maofisa wa serikali. Glasi imevunjika, faili limepotea, maji yamekatika: mambo yanajitendea yenyewe na hakuna mtu chumbani. Nikamwambia kwenye neno hilo ukiuliza "na nani" huna pa kulichomeka swali lako, na ndiyo maana waoga wanalipenda. Nilizungumza, nadhani, robo saa. Yeye alisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema, polepole, kama anavyoongea akiwa chini ya sinki:

"Sawa, nimekivunja mimi. Na yule mama yako wa madaraja, hachaguliki, au ni nyinyi hamumchagui?"

Kaka, mimi nimebishana na maprofesa. Nimebishana na mhariri mkuu mpaka akabadilisha ofisi. Huyu mwenye saruji kwenye nyusi nilimwambia nitamjibu baada ya kupika. Baada ya kupika nikasema nitamjibu baada ya kula. Hakuniuliza tena, alitafuta gundi.

Jumapili tulipiga kura, saa nne asubuhi. Wote arobaini na mmoja walikuja, hata dada wa saluni aliyeacha mteja chini ya mashine ya kukaushia nywele. Tukaingia nyuma ya pazia mmoja mmoja. Mama Pindo akamwaga kopo mezani, akatenga vifungo kwa kucha kama anayechambua mchele, na mwenyekiti akahesabu mara tatu, kila mara akipunguza sauti. Matundu mawili ishirini na moja. Matundu manne ishirini.

Fujo iliyotokea nimeshaambiwa umesimuliwa, lakini sidhani umesimuliwa sehemu hii. Mtu mmoja, simtaji, alisema ni Mzee Breki, vidole vyake vimekufa ganzi kwa usukani, hawezi kutofautisha mawili na manne. Mzee akasema anajua alichoshika. Basi wakataka ajaribiwe pale pale. Wakamfumba macho kwa kipande cha kitambaa cha bitana, wakamtia kifungo kiganjani. Alisema manne, kilikuwa na mawili. Cha pili alipata. Cha tatu akakosa. Walipomfungua alivitazama vidole vyake mwenyewe kama vitu vya kuazima, na mguu wake ukakanyaga sakafu. Mwenyekiti akatangaza kwamba matokeo hayatapelekwa popote mpaka wiki mbili za malalamiko ziishe. Watu wakatoka. Mimi pia nikatoka, na nilikuwa kimya, na ukimya wangu siku ile sitausahau, kwa sababu si kitu ninachokifanya mara kwa mara.

Jumanne, saa ya mapumziko, mlinzi wa kiwanda aliniita getini. Aliyekuwa akiningoja ni Mzee Breki, amevaa shati la kutokea, kofia mkononi. Alikuja kuniomba radhi. Alisema amenivunjia ahadi bila kukusudia, amekuvunjia na wewe, na kwamba usiku kucha alikuwa anachezea vifungo vya koti lake na hajui tena kipi ni kipi. Aliniomba nikuambie usimfikirie vibaya. Mtu wa umri wa baba yetu, kaka, amesimama juani ananiomba mimi radhi kwa kosa ambalo hakulifanya.

Najua hakulifanya. Hesabu ni ya mtoto wa darasa la tatu. Daftari langu lilikuwa na ishirini na mmoja wa Wakili, kura zikatoka ishirini. Mmoja tu alihama. Kama vidole vya Mzee Breki vingekosea, wangekuwa wamehama wawili, na Wakili angepata kumi na tisa.

Maana wa kwanza nilikuwa mimi.

Nimeliandika hilo kwenye mstari wake peke yake ili usije ukasema hukuliona. Sikukosea kifungo. Vidole vyangu vinaweza kuhisi nukta iliyochapwa mara mbili. Nyuma ya lile pazia kuna kioo kirefu, nikajiona humo, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, miwani imeteremka mpaka puani, nimeshika vifungo viwili kama mtu aliyeokota kitu cha watu. Nikatafuta kwenye kichwa changu mtu mmoja, mwenye uso, anayemkataa Mhandisi. Nilimpitia kila niliyemwandika daftarini. Wote walikuwa wananielekeza kwa mwingine. Mwishoni nikafika kwa mtu mmoja tu ambaye kweli alikuwa amejiandaa kumnyima kura kwa mkono wake, na huyo alikuwa kwenye kioo. Nikatia cha matundu mawili.

Sasa nitakuambia na lile ambalo sikuwahi kukuambia, halafu tuendelee kupendana.

Miaka kumi na moja iliyopita, chama chetu cha wafanyakazi kilipotafuta mwenyekiti, nilikuja kwako Jumamosi moja na fomu kwenye mkoba, imejazwa yote, imebaki saini. Ulinipa kiti chako. Ulinisifu kwa dakika ishirini, na nakumbuka kila neno, kwa sababu hujawahi kunisifu hivyo tena. Kisha ukasema, kwa huruma kabisa, kwamba nafaa kuliko wote wanaogombea, ila sitachagulika. Wanaume wa mashine, ulisema, hawampi kura mwanamke wa chumba cha prufu. Nilikushukuru. Nilipofika nyumbani niliichana ile fomu, nikaanza kusema kwamba mimi si mtu wa vyeo, nikalisema mpaka likawa kama jina langu.

Sikushindwa, kaka. Ningeshindwa ningeshajiuguza nikapona. Hakuna mwanamume hata mmoja wa mashine aliyenikataa, kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Aliyenikataa ni wewe kwa niaba yao, bila wao kujua, na mimi nikakusaidia. Halafu nikaichukua hoja yako, nikaipiga pasi, nikaipa kichwa cha habari, na miaka kumi na moja baadaye nikamvalisha mwanamke mwingine. Ukaibandika ukutani. Hukuitambua kuwa ni ya kwako.

Sikuandikii haya kwa uchungu. Nilidhani yatakuwa machungu nikiyaandika, kumbe ninayaandika huku nakunywa chai, kwenye kikombe kilichoungwa kwa gundi, na kinavuja kidogo tu. Ulikuwa unanilinda. Ni kwamba ulikuwa unanilinda na watu ambao hawakuwapo.

Pale getini nilimwambia Mzee Breki kila kitu, na hesabu nikamchorea kwa kalamu nyekundu nyuma ya prufu ya kalenda. Alinitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena. Akauliza kama nina hakika vidole vyake havina kosa. Nikamwambia kwa siku ile havina. Akacheka mpaka mlinzi akatoka kibandani kuangalia kuna nini.

"Basi mimi nimefaidi mara mbili," akasema. "Ahadi nimetimiza, na aliyepita ndiye niliyekuwa namtaka."

Kaka, nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Mtu alikuwa anamtaka Mhandisi tangu mwanzo, na akampa Wakili kwa ajili ya barua uliyoandika zamani. Na mimi niliyesimama siku ile kumjibu kuhusu barabara! Ni wangapi wengine katika wale ishirini walioniahidi walikuwa hivyo hivyo, sitaki kujua. Nadhani nikijua nitaacha kuandika makala, na wifi atakosa cha kuwasomea wageni.

Jumatano jioni mwenyekiti aliitisha kikao. Nilisimama kabla ya ajenda, nikasema kura iliyohama ilikuwa ya kwangu, niliihamisha mimi kwa mkono wangu na akili yangu, na aliyemfumba Mzee macho amwombe radhi hapo hapo. Aliombwa radhi. Kisha Mfamasia akauliza, kwa upole mbaya sana, kama gazeti litachapisha masahihisho ya ile makala au nitaisahihisha kwa mkono nakala moja moja. Walicheka mpaka Mama Pindo akalazimika kuzima cherehani aliyokuwa anafanyia kazi kwa siri. Mwuza vipuri akasema sasa hatujui tena tuniamini ninaposema au ninaponyamaza. Nilistahili. Nimewachoma watu kwa miezi mitatu na ilikuwa zamu yangu. Nilijikaza, nikasema makala ijayo itaanza na neno "nilikosea," na Mfamasia akasema atanunua nakala zote.

Ila usidhani nimeongoka. Hoja zangu zimesimama wima na naweza kukushinda nazo hata sasa hivi. Inawezekana kabisa chama kikamsimamisha Mhandisi na akabwagwa vibaya. Inawezekana Wakili angeshinda kwa zile mvi tu. Sijui, na tofauti yangu ya leo na ya mwezi uliopita ni kwamba mwezi uliopita nilikuwa nasema najua. Akibwagwa, nataka abwagwe na watu wenye majina na anwani, waliokwenda wenyewe kituoni wakamkataa wenyewe. Sitamkataa mimi mapema ili kuwapunguzia safari.

Kwa hiyo malalamiko yalifutwa hapo hapo bila kungoja zile wiki mbili, na matokeo yamekwenda wilayani Alhamisi, yamesainiwa na mwenyekiti na Mama Pindo. Barua yako usiipeleke. Sababu ya kuipeleka haipo tena, na ukiipeleka utakuwa unamshtaki mdogo wako na kumchafua mzee aliyekuheshimu. Kama umeshaiandika na unaona uchungu kuitupa, nitumie, angalau niisahihishe. Na Mzee Breki mpigie simu. Hatakuambia anaisubiri, lakini anaisubiri.

Jambo la mwisho ni dogo, nimeliacha mwisho kwa sababu najua ukishalisoma hutasoma kingine. Mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyakazi anastaafu, na kiwandani tunapiga kura mwezi ujao. Wanagombea watatu. Mmoja ni fundi wa mashine kubwa, mwenye sauti nzuri, mrefu. Mwingine ni wa stoo. Wa tatu alirudisha fomu jana saa sita, imesainiwa, na karani alipoipokea aliisoma mara mbili akasema hakuna kosa hata moja, jambo lisilo la kawaida.

Labda watanikataa. Safari hii nimewapa nafasi. Nimekuandikia kukuarifu, kaka, sikuandikii kukuuliza.

Mbusu wifi kwenye paji la uso, waambie wanao wamshikie baba yao ngazi au, afadhali zaidi, waifiche. Shemeji yako anakusalimu; ameniomba niseme hana upande katika siasa, na nimemwambia nitaandika hivyo ingawa sisi wawili tunajua. Mola akupe goti jipya na subira ya kulitumia. Nitasubiri jibu lako kwa karatasi, ili na mimi nisiweze kukukatiza.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Bi Nukta,
mgombea.